Kichwa Bila Damu

Mtu aliyeanza kwa kubeba magunia ya chumvi bandarini Kalundu, mjini Uvira, na leo ana kamyo mbili za mizigo na duka la milango mitatu, hakuna jambo linaloweza kumshangaza. Mtu huyo ndiye mimi. Nimeona ziwa likipanda mpaka likaingia vyumbani mwa matajiri, nimeona wakubwa wa ofisi wakija dukani kwangu kwa mlango wa nyuma kuomba sukari ya deni, na sikufungua kinywa. Shule niliiacha kabla haijanifundisha kugawanya, lakini kugawanya nilijifunza mwenyewe, na anayesema sijui hesabu aje tukae mezani. Basi mtu wa namna hii, mwezi uliopita, alipita mlangoni pa chumba cha binti zake, akasikia harufu ya yai bovu lililomwagiwa manukato ya maua, akasahau alikokuwa akienda. Ilikuwa harufu ya pomadi ya kutoa manyoya mwilini. Sikuwa nimeinusa kwa karibu namna ile tangu mwaka aliofariki babu, nikiwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala. Nikashika fremu ya mlango. Na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa maumivu ya kichwa changu. Kilikuwa sura ya Fideli.

Fideli ni mtoto wa baba mkubwa, kaka yake baba yangu. Tulizaliwa msimu mmoja, tukanyonya katika nyumba zinazopakana pale mtaa wa Kimanga, kisha baba yake akapata kazi ya karani wa kupima pamba huko Luvungi, naye baba yangu akabaki na mgongo wake na magunia ya bandarini. Tangu hapo kila kitu cha Fideli kikawa kizuri kuliko changu. Alikuwa na viatu vya kwenda misa na viatu vya kwenda shule. Kaptura yake ilikuwa na mifuko miwili nyuma, na mimi nilijiuliza mtoto ana nini cha kuweka katika mifuko miwili. Hata nywele zake zilimpendelea: laini, zinalala, wembe unapita juu yake kama mtumbwi juu ya maji yaliyotulia. Zangu zilikuwa ngumu, zinajikunja na kurudi ndani ya ngozi, na kila niliponyolewa niliota vipele vya maji toka paji hadi kisogoni, vinawasha, nikijikuna vinatoka damu. Wakati wa kunyolewa watoto, mama alikuwa akinishika mabega kwa nguvu, na Fideli alikuwa akikaa peke yake, mikono juu ya magoti, kama bwana. Nilimtazama kwa wivu. Sitasema uongo, nilimwonea wivu kila siku.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho, nacho ni babu. Babu alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu ubavuni na gurudumu zito la chuma chini, ilikaa barazani, na wakulima wa uwanda wa Ruzizi waliokwisha kuuza pamba yao walikuja kwake kushonesha kaptura za kaki na magauni ya Krismasi. Macho ya babu yalikuwa yamekwisha kufa nusu. Mimi ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano, niliyempaka mafuta mashine, niliyejua mlio wake ukibadilika kwamba mkanda umelegea. Nilijua harufu ya baraza lake: mafuta ya mashine, kitambaa kipya cha amerikani, na samaki wadogo wa ndagala waliokauka juu ya mchanga huko chini ziwani. Mchana wa joto babu alikuwa akisinzia na mguu wake unaendelea kukanyaga, na mimi nasukuma kitambaa. Kaptura ngapi za watu wazima wa Uvira zilishonwa na mtoto wa miaka kumi, na hawakujua! Fideli alipokuja likizo alikaa kwenye ngazi akisoma kitabu. Babu alimwita, akamshika kichwa, akasema, "Huyu atakuwa padri." Niliposikia hivyo nilijichoma sindano kusudi nione kama babu atageuka kunitazama. Aligeuka. Nilifurahi siku nzima.

Mvua za kwanza ziliponyesha, babu akafa. Kwetu matanga hayaishi mpaka ukoo unyolewe. Siku ya kumaliza, watu wote wanashuka mtoni Mulongwe, na shangazi mkubwa ananyoa kichwa baada ya kichwa kwa maji baridi na wembe mmoja. Anayepewa kitu cha marehemu ndiye ananyolewa kwanza, mbele ya wote. Wembe ukipita kichwa kizima bila kutoa damu, marehemu amekubali. Damu ikitoka, amekataa, na anaitwa mwingine. Ndivyo walivyofanya wazee wetu, na misa ya wafu ilisomwa vilevile, hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Kuhusu cherehani kulikuwa na maneno mengi. Baba mkubwa aliitaka kwa Fideli, kwa sababu Fideli ni mtoto wa mzaliwa wa kwanza wa kiume. Baba yangu alinyamaza, kwa kuwa mbele ya kaka yake alikuwa ananyamaza siku zote. Aliyemaliza maneno ni shangazi Feza, dada yao mkubwa, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita mitumbwi.

"Nani alitungia babu uzi kwa sindano?" aliuliza. "Ni Fideli? Fideli anajua sindano iko na tundu upande gani? Matabishi atakaa wa kwanza. Wembe ukimukataa, basi, tutamuita ule mwingine."

Matabishi ndilo jina langu. Nikafurahi, kisha furaha ikaniisha, kwa sababu nilijua kichwa changu. Hakikuwahi kunyolewa bila damu hata mara moja. Shangazi alikuwa amenipa cherehani kwa mkono huu na kwa mkono huu akaushika wembe. Na Fideli, aliyekaa pale ukutani na kitabu chake, akainua macho na kunitabasamia kwa wema. Nilitamani kumpiga.

Hapo ndipo alipofika yaya Anjela, kama tunavyomwita dada mkubwa, dada yake Fideli, kutoka Usumbura, ng'ambo ya ziwa, alikoolewa na mwanaume mwenye kazi ya benki. Alishuka kwenye mashua na sanduku la ngozi, miwani myeusi, na gauni la maombolezo lililoishia magotini. Akina mama wa Kimanga hawakutazama miwani. Walitazama miguu. Ilikuwa inang'aa kama kinu kilichopakwa mawese, haina hata unywele mmoja. Walimzunguka uani kama kwamba marehemu ni yeye.

"We Anjela, miguu hii uliazima wapi?" mmoja akauliza.

"Sikuazima, mama. Iko pomadi. Unapakaa, unangoja, unapanguza. Manyoya yote inaondoka, hakuna wembe, hakuna kidonda, hakuna tone la damu."

"Na bwana yako anapenda muguu ya samaki?"

"Bwana yangu ndiye anainunua!"

Wakacheka na kujipiga mapaja, halafu wakakumbuka kuna matanga wakalia kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji, na masikio yangu yalishika maneno manne tu: hakuna tone la damu.

Wengine baadaye walisema Anjela alinitega kwa ajili ya ndugu yake. Ni uongo. Yule mwanamke hakujua ninachotaka. Mimi ndiye niliyemfuata, na hii ndiyo biashara yangu ya kwanza duniani: nilimwambia nitamchotea maji ya kuoga asubuhi na jioni mpaka matanga yaishe, na viatu vyake nitavipangusa, na yeye atanipa kilichobaki katika ile tyubu. Alicheka mpaka akaondoa miwani.

"Weye mutoto mudogo, iko manyoya wapi?"

"Hiyo ni shauri yangu mwenyewe, yaya. Utanipa?"

"Nitakupa. Lakini sikia vizuri. Ni dawa kali. Minye napaka, nasali fungu moja ya shapule, Salamu Maria kumi, narudilia mara ya pili, basi, napanguza mbio. Ukizidisha itakukula. Umesikia?"

Nilisikia. Lakini nilisikia kama mfanyabiashara anavyosikia. Ikiwa mafungu mawili yanatosha kwa mguu wa mwanamke wa mjini, ngozi iliyozoea sabuni ya manukato, kichwa kama changu kitahitaji mangapi? Tena nilikuwa naomba vitu viwili kwa mara moja: nywele zitoke, na cherehani iwe yangu. Ombi kubwa namna hiyo huwezi kuliomba kwa shapule nusu; rozari husaliwa nzima, mafungu matano. Jioni ya kuamkia siku ya kunyoa niliingia katikati ya matete karibu na mto, mahali wanawake hawafiki, nikajipaka kichwa chote, nene, kama mtu anayepaka ukuta. Ile harufu ikaniingia puani mpaka machozi yakatoka. Nikapiga magoti juu ya mchanga nikaanza matendo ya uchungu, kwa kuwa tulikuwa na msiba. Tendo la kwanza, Bwana wetu anatoka jasho la damu, nilisikia baridi tu. Tendo la pili, anapigwa mijeledi, ikaanza kuwasha. Tendo la tatu, anavikwa taji ya miiba, kichwa changu kikashika moto pande zote, nikajiambia kwamba hii sasa ni sawasawa kabisa, mbingu zimenisikia. Mungu anajua sikuharakisha. Nilibeba msalaba wa tendo la nne nikiuma meno, na la tano nililimaliza kwa sauti, na Salamu Malkia juu yake, kisha nikajitupa mtoni.

Nywele zilitoka kama matope. Zilielea mbele yangu, nyeusi, zikashuka na maji kuelekea ziwani, na mimi nikapitisha kiganja kichwani nikakuta utelezi ambao sijawahi kuugusa mwilini mwangu. Nilicheka peke yangu kwenye matete. Akilini nilimwona Fideli akiwa amekaa kwenye ngazi, na mimi kwenye kiti cha babu, mguu wangu ukikanyaga. Nilifunga kichwa kwa kitambaa cha mama, nikasema kinaniuma, nikalala mapema. Kufikia asubuhi kichwa kilikuwa kimevimba, kinapiga kama ngoma, na kitambaa hakikutaka kutoka. Bado nilikuwa na matumaini. Nilifikiri wembe utapita, hautakuta kitu, basi, yamekwisha.

Ukoo wote ulikuwa umekaa kwenye ukingo wa Mulongwe. Shangazi Feza alisimama na miguu ndani ya maji, wembe mkononi. Akaniita. Nikakaa juu ya jiwe. "Fungua kichwa," akasema, na kwa kuwa nilichelewa, akafungua yeye, kwa nguvu ya mwanamke aliye na vichwa vingi vya kunyoa. Kitambaa kilikuwa kimeshikana na ngozi. Kilitoka na ngozi. Nilisikia mama yangu akipiga yowe kabla sijasikia maumivu, kisha kitu cha moto kikateremka kwenye shingo yangu, na tone moja likaanguka juu ya jiwe, jekundu, watu wote wakaliona.

"Yesu na Maria," shangazi akasema. "Wembe sijaugusisha."

"Mutoto huyu amejichoma na nini?" mtu mmoja akauliza nyuma yake.

Yaya Anjela alikuja mbio, akainama, akanusa. Ile miwani ikaanguka majini. "Matabishi! Ulisali ngapi?"

"Shapule nzima," nikasema.

Mjomba mmoja mzee akatoa sauti puani, kama mbuzi, na ukingo mzima ukalipuka. Watu waliokuwa wamelia wiki nzima walicheka wakishikana mabega. "Nzima! Na Salamu Malkia aliisali?" Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya shangazi: "Wifi, nakuomba, hii damu si ya wembe, ni ya dawa. Ni ya dawa ya Anjela." Shangazi aligeuza kichwa changu huku na huku, na niliona kwamba yeye pia angetaka iwe vingine. "Dawa ama si dawa," akasema polepole, "damu ni damu. Minye siwezi kumudanganya baba yangu siku ya mwisho. Fideli, kuya."

Fideli akaja, akakaa juu ya jiwe lilelile, mikono juu ya magoti. Wembe ulipita. Nilikuwa mita mbili tu, kichwa changu ndani ya majani ya mgomba, na nilitazama kila inchi ya ngozi yake kama askari wa forodha anavyotazama mzigo. Nilitafuta kipele, nilitafuta mkwaruzo, nilitafuta hata alama ya mbu. Hakukuwa na kitu. Cherehani ilipakiwa wiki hiyo juu ya kamyo ya pamba, ikafunikwa turubai, ikaenda Luvungi kwa mtu asiyejua tundu la sindano.

Mimi nilibaki na kichwa. Kila jirani alikuwa na dawa. Mama alinipaka mawese, jua likayapasha, nikalia mpaka sauti ikakatika. Jirani mmoja akashauri majivu, na nashukuru baba alimfukuza. Mwishowe walinipeleka dispanseri, na munganga, tabibu wa pale, mtu wa maneno machache, akaosha mawese yote kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, akanipaka pomadi nyeupe iliyokuwa baridi kama kiganja cha mtu aliyetoka kuvua, akamwambia mama: hakuna mawese, hakuna majani, hakuna jua, na kucha za huyu zikatwe leo. Kwa hiyo msimu ule wa mvua niliupitisha ndani. Maumivu yalipopungua ulikuja mwasho, na mwasho ni mbaya kuliko maumivu. Nilikuwa nakalia mikono yangu nisijikune. Ngozi ilitoka vipande vipande, kama ganda la kitunguu. Fideli, kabla ya kurudi shuleni, alikuwa anakuja kila siku kunipepea na kufukuza nzi. Alinisomea kitabu chake. Siku ya kuondoka akavua kofia yake ya shule, ya kitambaa laini, akanivika. "Utanirudishia ukipona," akasema. Nilimchukia siku hiyo kuliko siku ya wembe. Mtu akikushinda na bado akawa mwema, unamshika wapi?

Tena kulikuwa na jambo jingine. Kwa kuwa sikunyolewa, sikutoka matangani. Ndugu zangu wote walirudi kucheza. Mimi nilikula peke yangu na sikuruhusiwa kuingia katika nyumba ya babu wala kukaa barazani pake, mpaka nywele zitakapoota za kunyolewa. Na nywele ziliota kwa uvivu, nyembamba kama ukungu hapa, upara pale. Pamba ya uwanda ilikuwa imekwisha kuchanua tena shangazi aliponinyoa, nyuma ya jikoni, bila mtu wa kutazama. Hakuna damu iliyotoka. Hata tone. Shangazi aliusafisha wembe kwa kanga yake, akarudi jikoni.

Sasa turudi mlangoni pa binti zangu. Siku hizi hizo pomadi zinauzwa sokoni karibu na nyanya, na picha ya mwanamke anayecheka juu ya boksi. Wanangu hawasali fungu wala nini. Wanatazama saa ya mkononi ambayo nimewanunulia mimi. Hata hivyo yule mdogo alizidisha, akatoka na mikono myekundu, analia. Mama yake alishakimbilia mawese. Nikamzuia. Nilimwagia mwanangu maji baridi mengi, muda mrefu, nikamkataza kujikuna, nikamkata kucha mimi mwenyewe, mikono hii iliyobeba chumvi. Akaniuliza, "Papa, ulijuaje?" Nikamwambia baba yake anajua vitu vingi. Maisha yamekuwa mepesi kwao kuliko kwetu, hilo nalisema bila kulalamika. Sisi tulilipa kwa ngozi kitu ambacho wao wanakipata kwa kusoma karatasi ya ndani ya boksi. Lakini usiku ule nililala vibaya, na asubuhi nikawasha kamyo nikaenda Luvungi.

Fideli hakuwa padri. Alifundisha shule, sasa amestaafu, ana nyumba ya matofali ambayo wakati ule ilikuwa bado haijapakwa chokaa na mke anayemcheka mbele za watu. Sina la kumwonea wivu, nilijiambia njiani kote. Akatoka nje kunipokea, akavua kofia, na kichwa chake kilikuwa kimejaa nywele, laini, zinalala, mvi chache tu za heshima, na mimi nina bonde nyuma ya sikio ambako haukuota unywele tena mpaka leo. Nilimwambia nimekuja kuona cherehani. Ilikuwa ghalani. Juu yake kulikuwa na magunia ya mahindi, na kuku alikuwa ametagia chini, penye kanyagio.

"Kumbe ulikuwa unaitaka?" akasema. "Ndugu yangu, si ungesema? Minye sijawahi kushona hata kifungo. Miaka hii yote ningekuletea. Beba. Beba tu, ni yako."

Alisema hivyo kwa uso uleule, wa yule mtoto wa kwenye ngazi. Nikasema sibebi kitu cha bure. Akacheka, akasema basi nitaje bei mwenyewe. Nikataja bei ya mashine mbili mpya, na nusu juu yake, mbele ya mke wake na majirani, nikahesabu noti za zaire, moja moja, juu ya gunia la mahindi. Alizipokea kwa mikono miwili na kunishukuru, na wiki ileile, nimesikia, akaipaka nyumba yake chokaa nyeupe inayoonekana toka barabarani. Mashine iko dukani kwangu, juu ya kaunta. Gurudumu limeshika kutu, halizunguki, na fundi amesema haitashona tena. Watu wanaingia wanauliza bei yake, nawaambia haiuzwi. Wanauliza mimi niliinunua ngapi, na hilo sioni haya kulitaja: zaire elfu kumi na nne, mia sita na hamsini.